Mkunjo Ulioitangulia Picha

Karatasi iliingia na kutoka kwenye printa yangu ya picha mara nne, kama ilivyo kawaida yake: mara ya kwanza ilirudi na manjano, mara ya pili na majenta (wekundu wa waridi), mara ya tatu na siani (buluu ya kijani), na mara ya mwisho na lile tabaka angavu la kuikinga picha. Katika mzunguko wa kwanza uso wa mama yule ulikuwa kivuli tu cha rangi ya manjano. Katika wa pili uliiva wekundu. Katika wa tatu alikuwa ameketi pale karibu na taa, chumba kizima kikiwa giza nyuma yake, akitazama pembeni kana kwamba kuna mtu aliyemwita. Nilikuwa nimeshaanza kufurahi nilipouona mstari. Ulikuwa mwembamba kama uzi, wa kijani kilichopauka, umeanzia juu kushoto ukashuka mshazari hadi kwenye paji la uso, ukakomea juu kidogo ya nyusi.

Rafiki yangu, ambaye picha ilikuwa ya marehemu mama yake, aliishika kwa ncha za vidole, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwa upole, "Acha tu, ndugu yangu. Nikishaitundika ukutani, nani atauona?"

Mimi nilikuwa nimeshauona.

Nikamwomba aniachie wiki moja. Zilipita sita, na katika wiki hizo mstari ule haukunitoka akilini hata nilipokuwa nikichapa picha nyingine ambazo zilitoka safi kabisa. Ninaandika haya kwa ajili ya kila anayetumia printa ya kuhamisha rangi kwa joto na ambaye amewahi kuharibu karatasi kumi akitafuta kosa mahali ambapo halipo.

Vumbi, mshukiwa wa kwanza

Kila anayeijua mashine hii angeanza nilipoanzia mimi, yaani kwenye kichwa cha kuchapia. Kichwa hicho ni safu moja ya vinukta vya kupasha joto vilivyopangwa kwa msongamano wa 300 kwa inchi, karibu 12 kwa kila milimita, hivyo kwa upana wa milimita 152 kuna vinukta vipatavyo 1,800, na kila kimoja hupata moto na kupoa kivyake ndani ya milisekunde chache. Chini yake hupita utepe, yaani utando mwembamba uliobeba vipande vya rangi vinavyofuatana: manjano, majenta, siani, kisha kinga. Chembe moja ya vumbi ikikaa kati ya kinukta na utepe, joto halifiki, rangi haihami, na mahali pale karatasi hubaki nyeupe. Chembe ikinata hapo, weupe huo hujirudia katika kila mstari unaofuata, na macho yetu huuona kama mchirizi.

Kwa hiyo nikasafisha. Nilizima mashine, nikasubiri kichwa kipoe, nikachukua pamba isiyoacha nyuzi iliyoloweshwa kidogo kwa alkoholi ya isopropili, nikapangusa kwa mwelekeo mmoja kutoka mwisho hadi mwisho bila kukwaruza, nikaacha pakauke kabisa ndipo nikafunga. Sikugusa safu ile kwa kidole, maana mafuta na chumvi za ngozi huiharibu kuliko vumbi lenyewe. Nikapangusa pia rola ya mpira iliyo chini yake, na ile rola nyingine yenye kunata ambayo kazi yake ni kuokota vumbi kwenye karatasi kabla ya kuchapwa.

Nikachapa tena. Mstari ulikuwapo, ila umesogea kwa upana wa kidole kimoja kuelekea kulia.

Hapo ndipo nilipopaswa kusimama na kufikiri, na sikusimama. Nilisafisha tena, na siku iliyofuata tena, kwa bidii ya mtu anayeamini kwamba kosa ni lake na kwamba adhabu yake ni kusugua. Nikifikiria sasa, naona nilikuwa na ushahidi wote mbele yangu tangu picha ya pili. Mchirizi wa kichwa kichafu au wa kinukta kilichokufa huwa umenyooka sambamba na mwendo wa karatasi, hukaa mahali palepale picha baada ya picha, na huanzia mwanzo wa karatasi ukaishia mwisho wake. Mstari wangu ulikuwa wa mshazari, ulihamahama, na ulikuwa na mwanzo na mwisho. Safu ya vinukta isiyosogea haiwezi kuchora mshazari wa namna ile.

Nilipoigeuza picha

Wiki ya pili nilianza kuishuku picha yenyewe. Pengine faili lilikuwa na kovu ambalo kioo cha kompyuta hakikulionyesha, au skana iliyotumika ilikuwa na unywele juu ya kioo chake. Niliikuza hadi uso ukawa miraba ya rangi, na sikuona kitu.

Nikafanya jaribio ambalo sasa ningemshauri mtu yeyote alifanye kabla ya jingine lolote: niliigeuza picha kichwa chini miguu juu, nikaichapa hivyo. Kama kosa lingekuwa ndani ya picha, mstari ungemfuata mama yule kwenye paji la uso popote alipokwenda. Haukumfuata. Safari hii paji la uso lilitoka safi, na mstari ukawa umekatiza kwenye gauni lake, sehemu ya chini.

Kwa maneno mengine, mstari haukujali ni nini kinachochapwa mahali pale. Ulijali kwamba mahali pale ndipo karatasi inapoanza kuchapwa.

Nilikaa na jambo hilo kwa siku kadhaa. Kulikuwa na kitu kinachotokea mwanzoni mwa rangi moja kisha kikaisha chenyewe, na kilitokea katika picha hii yenye giza nyingi lakini hakikutokea katika picha za mchana zenye mawingu na kuta nyeupe. Nilichapa picha kumi za mwangaza mkali mfululizo, zote zikatoka bila dosari. Nikachapa ya mama yule, mstari ukarudi.

Utepe uliokwisha kazi

Jibu lilikuwa ndani ya kitu ambacho nilikuwa nikikitupa kila mara bila kukitazama.

Nilifungua mashine katikati ya kazi, nikautoa utepe, nikafungua taratibu sehemu iliyokwisha kutumika na kuinyanyua mbele ya taa. Anayefanya hivyo kwa mara ya kwanza hushtuka kidogo, kwa sababu picha yote imo humo. Rangi iliyohamia kwenye karatasi imeacha pengo lake kwenye utepe, kwa hiyo kwenye kipande cha manjano uso wa mama yule ulionekana kwa kinyume, pia kwenye cha majenta, pia kwenye cha siani. (Jambo hili lina uzito wake: utepe wa vitambulisho na picha za familia ukitupwa mzima, umetupa nyuso za watu. Mimi huukata vipande vidogo sana, na nadhani kila mwenye mashine hii anawiwa na watu anaowapiga picha kufanya hivyo.)

Nikaacha kuzitazama sura, nikatazama utando wenyewe. Mwishoni mwa kipande cha manjano, pale ambapo giza la gauni lilikuwa limechota rangi nyingi, utando ulikuwa umelegea na kujikunjakunja kama ngozi juu ya maziwa yaliyopoa. Mikunjo haikuishia hapo. Ilisambaa mshazari kurudi nyuma, ikavuka mpaka wa manjano na majenta, ikaingia ndani ya kipande cha majenta kwa sentimita kadhaa. Na juu ya kipande hicho, katika njia ya mkunjo mmojawapo, kulikuwa na mstari mwembamba wa rangi ambayo haikuhama, imebaki palepale ilipowekwa kiwandani.

Nilichukua picha iliyoharibika nikailaza kando ya utepe. Mstari wa kijani kwenye picha na mstari wa majenta uliobaki kwenye utepe vililingana kwa urefu na kwa mshazari.

Kosa la mwanzo wa majenta lilikuwa limetengenezwa mwishoni mwa manjano.

Eneo dogo kuliko milimita moja ya mraba

Sababu yake ni rahisi kuieleza, ingawa ilinichukua muda kuikubali. Utando wa utepe ni poliesta yenye unene wa mikromita tano hivi, na unywele wa binadamu ni mnene kuliko huo mara kumi au zaidi. Upande mmoja umepakwa rangi na upande mwingine umepakwa tabaka la utelezi linaloukinga dhidi ya kichwa cha moto. Chukua upana wa milimita 152 uuzidishe kwa unene wa milimita 0.005: mkato mzima wa utepe una eneo la milimita za mraba 0.76. Kwenye eneo hilo dogo ndipo unapotegemea mvuto wote wa injini inayoukusanya utepe uliotumika.

Poliesta ya aina hii huanza kulainika inapofika nyuzi joto 70 hadi 80 za Selsiasi, na huyeyuka kwenye 250 na kidogo. Ili rangi ihame, kichwa lazima kipite mbali kiwango hicho cha kwanza, hata kama ni kwa kitambo kifupi. Wengi huziita mashine hizi printa za sablimesheni, kwa dhana kwamba rangi hugeuka mvuke, lakini kwa sehemu kubwa molekuli za rangi hupenya tu kutoka kwenye utando hadi kwenye tabaka la karatasi lililougusa, na jinsi joto linavyozidi ndivyo zinavyopenya nyingi. Eneo jeusi la picha ni eneo ambalo utepe umepikwa zaidi.

Utepe uliolainika, ukiwa unavutwa, hurefuka. Jambo hilo peke yake lisingeleta madhara kama ungerefuka wote kwa pamoja. Tatizo ni kwamba pembezoni mwa utepe, kushoto na kulia, kuna ukanda ambao kichwa hakiupashi moto kwa sababu hakuna picha hapo. Ukanda huo unabaki baridi, mgumu na wa urefu uleule. Katikati pamerefuka, kando hapakurefuka. Fundi cherehani anaijua hali hii vizuri, pale uzi wa pindo unapokuwa umekaza kuliko kitambaa chenyewe: kitambaa kilichozidi hakina pa kwenda, kinajikunja.

Na mikunjo huwa mshazari kwa sababu utando unavutwa kwa urefu huku ukisinyaa kwa upana, tena haulingani katikati na kando. Kadiri kichwa kinavyokaribia mwisho wa kipande ndivyo ulegevu unavyojikusanya. Kisha kipande kinachofuata kinaletwa chini ya kichwa kikiwa tayari kimeambukizwa mikunjo ya mwenzake. Kichwa kinaukandamiza mkunjo, utando unakuwa na tabaka zilizolaliana, rangi haigusi karatasi sawasawa, na mstari umezaliwa. Baada ya sentimita kadhaa utepe mpya, ambao bado haujapata moto, hujinyoosha, na mstari hukoma. Ndiyo maana paji la uso liliumia na kidevu kikapona.

Nilipata faraja ya ajabu nilipojua kwamba jambo hili limewasumbua watu wenye maabara. Katika muongo wa 2000 wahandisi wa Eastman Kodak waliandikisha hataza (hati za kulinda uvumbuzi) kadhaa zinazohusu mkunjo huu tu, yaani namna ya kuuzuia usitokee kwenye utepe ili usiache mstari kwenye picha. Baadhi ya mawazo yanayojulikana katika fani hii ni kuzipasha joto kidogo hata zile kanda za pembeni ili nazo zirefuke, kutumia rola zenye umbo linaloutandaza utepe kuelekea kando, na kupunguza mvuto hasa pale kichwa kinapopita kwenye maeneo mazito. Yote yanashambulia kitu kimoja, yaani tofauti kati ya katikati na kando.

Rangi ya kinachokosekana

Laiti ningeisikiliza rangi ya mstari tangu siku ya kwanza, ningeokoa wiki tatu.

Picha hizi hujengwa kwa rangi tatu zinazolaliana. Ukiona mstari wa kijani, jua kwamba manjano na siani zipo na majenta haipo, maana hizo mbili zikikutana hutoa kijani. Mstari mwekundu unasema siani imekosekana. Mstari wa buluu unasema manjano imekosekana. Mstari mweupe kabisa unasema hakuna hata moja iliyofika, na hapo ndipo vumbi juu ya karatasi au kinukta kilichokufa kinapostahili kushukiwa. Kwa hiyo mstari wa kijani hukutuma kwenye kipande cha majenta, na kipande cha majenta chenye mkunjo hukurudisha hatua moja nyuma, kwenye manjano.

Hilo la kurudi hatua moja nyuma ndilo lililobadilisha namna ninavyofanya kazi. Hata mstari wa buluu mwanzoni mwa picha nyepesi kabisa unaweza kuwa umetokana na picha iliyotangulia, ambayo imeshatoka, imeshasifiwa, na imeshaondoka na mwenyewe.

"Usimwangazie"

Dawa ya haraka niliijua. Kama giza ndilo linalopika utepe, lipunguze giza. Nilifungua picha, nikapandisha weusi wake kutoka sifuri hadi kama 20 katika kipimo ambacho sifuri ni nyeusi kabisa na 255 ni nyeupe kabisa, nikachapa. Mstari ulififia ukawa hauonekani mpaka uinamishe picha kwenye mwanga. Nikapandisha kidogo zaidi, ukatoweka.

Nilimwita rafiki yangu aje aione. Aliitazama, akaniambia imependeza, akanyamaza. Kisha akaweka kidole pembeni mwa picha, pale nyuma ya kiti, ambapo giza lilikuwa limegeuka kijivu cha moshi.

"Hapa siyo," alisema. "Chumba kile kilikuwa giza kweli. Umeme ulikuwa umekatika, ndiyo maana akawasha taa. Usimwangazie, ndugu yangu."

Sikuwa na la kujibu. Siku zote nimejiambia kwamba kazi ya anayechapa ni kuitii picha, na hapa nilikuwa nimeibadilisha picha iitii mashine. Sidai kwamba ni dhambi kufanya hivyo kila mara. Katika picha ya kitambulisho au ya sherehe, kupandisha weusi kidogo hakumdhulumu mtu, na mara nyingi jicho halitambui. Lakini kuna picha ambazo giza lake ni sehemu ya habari inayosimuliwa, na kuchapa giza hilo likiwa kijivu ni kusema uongo mdogo kuhusu usiku ule.

Nikairudisha sifuri yangu, nikaanza upya.

Mambo madogo niliyokuwa nikiyapita

Kwanza niliutazama mvuto. Mashine nyingine zina sehemu ya kurekebisha mkazo wa utepe katika programu yake, na mwenye nayo aanzie hapo, akiupunguza hatua moja moja. Asiupunguze kupita kiasi, maana utepe usiobanduliwa kwa nguvu ya kutosha huganda kwenye karatasi na kuachia kwa mishtuko, nao huacha mistari ya kukatiza upana wote wa picha. Mashine yangu haina sehemu hiyo. Lakini nilipokagua mahali utepe unapokaa, niligundua kwamba ncha moja ya kigurudumu cha kukusanyia haikuwa imeingia mpaka mwisho kwenye kishikio chake. Ilikuwa imeinama kidogo mno, pengine nusu milimita, na mlango ulifungwa bila kulalamika. Utepe uliokuwa ukivutwa kwa upande mmoja zaidi ya mwingine ulikuwa tayari nusu ya njia kuelekea mkunjo. Hiyo ndiyo sababu mistari yangu yote ilikuwa imelalia upande mmoja. Nilipoikalisha sawasawa, ikapungua, lakini haikwisha.

Pili, joto linalobaki. Kichwa kikichapa picha nzito tano mfululizo hakipoi kati ya moja na nyingine, na mashine hujitahidi kukisia kiasi cha joto kilichosalia ili itoe pungufu kwa picha inayofuata. Makisio hayo ni mazuri, ila si kamili. Alama yake nyingine ni kivuli: mpaka kati ya nyeusi na nyeupe unakuwa na mkia hafifu upande unaochapwa baadaye, kwa sababu vinukta vilivyokuwa vimewaka bado havijapoa. Nimezoea sasa kuipumzisha mashine dakika kadhaa kabla ya picha yenye giza, wala siipi kazi hiyo mwishoni mwa mlolongo mrefu.

Tatu, mwendo. Mashine yangu ina namna mbili za kuchapa, ya haraka na ya taratibu, na kwa miaka mingi nilidhani ya taratibu ni kwa ajili ya wanaopenda kutazama picha kwa kioo cha kukuzia. Mashine inapokwenda taratibu, joto hupata muda mrefu zaidi wa kufanya kazi ileile, kwa hiyo halihitaji kupanda hadi kilele kilekile. Utepe unalainika kidogo zaidi ya unavyohitaji, badala ya kulainika sana. Kwa picha nyeusi tofauti ilikuwa kubwa kuliko nilivyotarajia.

Nne, hewa. Karatasi na utepe vikitolewa mahali pa baridi na kufunguliwa papo hapo kwenye chumba chenye joto, unyevu huganda juu yake bila kuonekana, na picha hutoka na mabaka au kunata kwenye utepe. Mimi huviacha vikae ndani ya vifungashio vyake saa kadhaa mpaka vilingane na chumba. Utepe na karatasi vilivyotoka katika boksi moja huvitumia pamoja na kuvibadilisha pamoja, kwa kuwa vimetengenezwa kwa ajili ya kila kimoja na mwenziwe.

Nilijaribu pia jambo lililoonekana la busara na halikuwa na msaada: kuacha ukingo mweupe kuizunguka picha. Nilidhani kulipunguza eneo lenye giza kungeupumzisha utepe. Mikunjo ikazidi. Ilinibidi nirudi kwenye ile hesabu ya katikati na kando ndipo nikaelewa kwamba kwa kuongeza ukingo mweupe kushoto na kulia nilikuwa nimeupanua ukanda ule baridi usiorefuka, yaani nimekilisha kile nilichotaka kukiua.

Ya kumi na moja

Picha ya kumi na moja niliichapa asubuhi, mashine ikiwa haijafanya kazi nyingine yoyote. Nilikikalisha kigurudumu kwa mikono miwili nikisikiliza kishikio kiitikie. Nilichapa kwanza picha moja nyepesi ya anga, ili kipande cha mwisho kabla ya manjano yake kisiwe kimeteswa na chochote. Nikasubiri. Nikachagua mwendo wa taratibu, sifuri ya weusi ikiwa palepale ilipokuwa katika faili la asili.

Ilipotoka sikuitazama usoni kwanza. Nilifungua mashine, nikanyanyua utepe mbele ya taa, nikatafuta mwisho wa manjano. Utando ulikuwa umelegea kidogo katikati, na vinyanzi viwili vifupi vilionekana karibu na pembe, lakini vilikoma kabla ya mpaka wa majenta. Kipande cha majenta kilianza kikiwa kimenyooka kama maji ndani ya beseni.

Ndipo nikaitazama picha. Nyuma ya kiti palikuwa na giza.

Rafiki yangu alikuja jioni, akaikagua paji la uso kwanza, kisha kidole chake kikaenda palepale nyuma ya kiti. Aliitikia kwa kichwa, akaiweka kati ya kadibodi mbili, akaondoka nayo. Nilikata utepe wote uliotumika vipande vidogo, sura zote kumi na moja, isipokuwa ncha moja ya manjano kutoka kwenye ile ya kwanza, isiyo na uso wowote ndani yake, ila mkunjo unaovuka mpaka. Nimeibandika ubavuni mwa mashine, mahali ambapo mkono wangu hupita kila ninapofungua mlango kubadilisha utepe.